Amesoma Nini, Amesoma kwa Nani? Uchaguzi wa Kozi za Chuo Kikuu kwa Kigezo cha Mwalimu na Nafasi ya Mwanafunzi Atokaye Rutamba, Lindi

Ikisiri

Makala hii inaeleza desturi ya wanafunzi wa chuo kikuu kuchagua kozi kwa kumwangalia mhadhiri anayezifundisha, badala ya kuangalia jina la kozi pekee. Inaonesha kwamba desturi hiyo si uzembe wala ushabiki, bali ina mizizi katika utamaduni wa elimu wa pwani ya Afrika Mashariki, na ina sababu za msingi katika namna maarifa yanavyofundishwa. Hata hivyo, makala inabainisha kwamba kigezo cha mwalimu kinaweza kutumiwa vibaya, na kwamba hata kikitumiwa vizuri humfaa zaidi mwanafunzi mwenye watu wa kuwauliza. Kwa kumtazama mwanafunzi atokaye Rutamba, Mkoa wa Lindi, makala inahitimisha kwamba tatizo halisi ni mgawanyo wa taarifa kuhusu walimu, na inapendekeza hatua ambazo idara za vyuo vikuu zinaweza kuzichukua bila gharama kubwa.

1.0 Utangulizi

Mhitimu wa kidato cha sita anapofungua mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), anakuta jina la programu, chuo kinachoitoa, sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Hakuti jina la mwalimu hata mmoja. Kwa mujibu wa mwongozo huo, elimu ya juu ni orodha ya masomo. Miezi michache baadaye, mwanafunzi huyohuyo akiwa mwaka wa kwanza, hukuta kwamba wenzake hawazungumzi hivyo. Katika korido na mabweni haulizwi mtu kama kozi fulani ni nzuri. Huulizwa inafundishwa na nani.

Kati ya mwongozo na korido kuna pengo, na makala hii inalishughulikia pengo hilo. Maswali yanayoongoza mjadala ni matatu. Kwanza, kwa nini mwalimu awe kigezo cha kuchagua kozi ilhali mtaala umekwisha kupitishwa na seneti ya chuo? Pili, ni katika hali gani kigezo hicho humsaidia mwanafunzi, na ni katika hali gani humpoteza? Tatu, ni nani hasa mwenye uwezo wa kukitumia?

Rutamba imechaguliwa kuwa mahali pa kutazamia suala hili kwa sababu swali la tatu huonekana wazi zaidi mbali na chuo kikuu kuliko karibu nacho. Ziwa Rutamba liko kiasi cha kilomita 40 magharibi ya mji wa Lindi, nao mji wa Lindi uko zaidi ya kilomita 400 kusini mwa Dar es Salaam. Makala ni ya kimaelezo: inategemea historia ya elimu, tafiti zilizokwisha kuchapishwa na uchambuzi wa taratibu za udahili, wala haidai kuwasilisha data za uwandani.

2.0 Nafasi ya Kuchagua Ilivyo

Kabla ya kujadili kigezo, inafaa kuonesha ni kitu gani hasa mwanafunzi wa Tanzania anachochagua. Uchaguzi wake una ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni programu ya shahada. Hapa nafasi ya kumwangalia mwalimu ni ndogo sana. Tahasusi aliyoisoma mwanafunzi kidato cha tano na cha sita imekwisha kumfungulia baadhi ya milango na kumfungia mingine; aliyesoma HKL hawezi kuomba udaktari wa binadamu. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011 maombi yalipitia mfumo wa pamoja uliosimamiwa na TCU, na tangu 2017 waombaji wamerudi kuomba moja kwa moja katika vyuo. Katika mifumo yote miwili mwombaji amechagua programu na chuo, si mtu wa kumfundisha. Aidha, mkopo kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya 2004, hufanya wengi watazame kwanza programu zinazopewa kipaumbele cha mkopo.

Ngazi ya pili ni kozi ndani ya programu. Kozi nyingi ni za lazima, na mhadhiri wake hupangwa na idara. Baki ni kozi za hiari, na hapa ndipo uchaguzi wa kweli unapoanza. Mwanzoni mwa muhula mwanafunzi hupewa muda wa kusajili, kuongeza au kuondoa kozi. Muda huo ni mfupi, lakini ndio ambao majina ya walimu hupimwa na kupimwa tena.

Ngazi ya tatu ni msimamizi wa utafiti, hasa katika shahada za uzamili na uzamivu. Hapa uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi huwa wa mtu kwa mtu na hudumu kwa miaka. Kadiri mwanafunzi anavyopanda ngazi hizi, ndivyo orodha ya masomo inavyopungua uzito na jina la mwalimu linavyoongezeka uzito.

3.0 Desturi ya Kumfuata Mwalimu Katika Pwani ya Waswahili

Wapo wanaoiona tabia ya kufuata mwalimu kuwa mtindo mpya uliotoka katika vyuo vya nje. Historia ya pwani haikubaliani nao. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, aliwakuta watu wa madhehebu ya Shafii, na sultani wao, Abu al-Mawahib al-Hasan bin Sulaiman, akiwakirimu masharifu na watu wa dini waliomjia kutoka Hijazi na kwingineko. Elimu ilifika na watu, na heshima yake ilifuatana na watu hao.

Katika karne zilizofuata, mfumo wa darsa ulijengeka juu ya msingi huohuo. Vitabu vya fikihi vilivyosomwa na Washafii wa pwani vilikuwa vilevile kwa kiasi kikubwa: mwanzo Safina, na kwa aliyeendelea, Minhaji ya Nawawi. Kwa kuwa kitabu kilikuwa kimoja, jina la kitabu halikuweza kumtofautisha mwanazuoni mmoja na mwingine. Kilichowatofautisha ni swali la pili: amesoma kwa nani? Ijaza, yaani idhini ya kufundisha, ilitolewa na mwalimu kwa jina lake, si na jengo wala bodi. Silsila ilionesha mwalimu wa mwalimu, na mwalimu wa huyo. Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), alipoandika habari za wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, aliwaweka katika mtandao wa aina hiyo: huyu alisoma kwa fulani, naye akamsomesha fulani.

Katika mfumo huo mwanafunzi alisafiri. Kijana wa kusini aliyetaka kuzidisha elimu alifikiria Unguja au Lamu kwa sababu ya masheikh waliokuwa huko. Ahmad bin Sumait (1861–1925) akiwa Unguja, na Habib Saleh akiwa Lamu, walikuwa wenyewe ndio sababu ya safari.

Upande wa bara ya Lindi, malezi ya jando na unyago yanatoa picha tofauti kidogo. Mwali hamchagui kungwi wake. Huchaguliwa na wakubwa wanaojua sifa zake, mwenendo wake na namna alivyowatoa wali waliotangulia. Mafunzo yanajulikana na kila mtu mzima. Lisilojulikana na kila mtu ni nani anayefaa kuyatoa, na kwa hiyo wajibu wa kuchagua hukabidhiwa wenye taarifa.

Mifumo hii miwili inafundisha jambo moja lenye umuhimu kwa makala hii. Jamii za pwani hazikuwahi kuamini kwamba somo linajitosheleza bila mtu wa kulifundisha. Lakini pia hazikumwacha mwanafunzi achague gizani: ama alikuwa na silsila iliyo wazi, ama alikuwa na wakubwa waliomchagulia. Chuo kikuu cha kisasa kimempa mwanafunzi uhuru wa kuchagua pasipo kumpa silsila wala mkubwa wa kumwelekeza.

4.0 Kozi Moja, Walimu Wawili

Hoja ya kupinga kigezo cha mwalimu husema kwamba mtaala umekwisha kupitishwa, hivyo kozi ni ileile yeyote akiifundisha. Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 kama chuo kishiriki na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, inaonesha kwamba hoja hii ni kweli kwenye karatasi tu.

Chukuliwe somo la historia ya Afrika. Terence Ranger, profesa wa kwanza wa historia chuoni hapo, alifundisha kuanzia 1963 hadi 1969, akisisitiza kwamba Waafrika walikuwa watendaji katika historia yao, hasa katika upinzani dhidi ya ukoloni. Walter Rodney, aliyefundisha hapo mwaka 1966–1967 na tena 1969–1974, alielekeza macho kwenye uchumi wa kisiasa: jinsi biashara ya utumwa na ukoloni vilivyonyonya bara. Mihadhara na mijadala yake iliwavuta hata wasiosajiliwa katika kozi zake, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyodidimiza maendeleo ya Afrika kilitoka mwaka 1972 kikitokana na mazingira hayo. Mada zilikaribiana, lakini mwanafunzi wa Ranger na mwanafunzi wa Rodney walitoka darasani na maswali tofauti kabisa.

Mfano wa pili unagusa Lindi na Kilwa moja kwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Idara ya Historia, chini ya John Iliffe na Gilbert Gwassa, iliendesha mradi wa utafiti wa Vita vya Majimaji. Wanafunzi walitumwa kwa wazee wa kusini kukusanya masimulizi ya vita vya 1905–1907. Katika orodha ya kozi, historia ya Tanzania ilikuwa mstari mmoja. Kwa walimu hao, mstari huo uligeuka kuwa safari ya kurudi nyumbani na kumkalisha babu chini ili asimulie, na masimulizi yake yakawa chanzo cha kitaaluma. Mwalimu mwingine angeweza kufundisha kozi hiyo kwa nyaraka za Wajerumani peke yake na asivunje kanuni yoyote ya mtaala.

Mfano wa tatu ni akiolojia ya pwani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, aliyasoma magofu hayo kwa kutoa uzito mkubwa kwa wageni waliotoka ng'ambo ya bahari. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amejenga hoja kwamba misingi ya ustaarabu wa pwani iko kwa jamii za wakulima na wafua chuma wa Kiafrika waliotangulia. Kijana wa Lindi atakayesoma akiolojia ya pwani kwa mwalimu wa mkondo wa kwanza atapewa Kilwa moja. Kwa mwalimu wa mkondo wa pili atapewa Kilwa nyingine. Jina la kozi halitamwambia ni ipi.

Katika fasihi ya Kiswahili hali ni hiyohiyo. Kozi ya ushairi inayoongozwa na mwalimu anayeshikilia kanuni za vina na mizani, kama zilivyoelezwa na Amri Abedi katika kitabu chake cha 1954, haiwezi kufanana na kozi ya ushairi ya Euphrase Kezilahabi, ambaye diwani yake ya 1974, Kichomi, ilikuwa nguzo ya mashairi huru. Katika sanaa za maonyesho, Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa na mwandishi wa tamthilia ya Kinjeketile (1969), alifundisha Dar es Salaam hadi katikati ya miaka ya 1980. Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba walilipeleka somo hilo vijijini kwa njia ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo, kama ilivyofanyika Malya mapema katika miaka ya 1980. Mwalimu alipoondoka, jina la kozi lilibaki katika orodha. Kilichoondoka ni kozi yenyewe kama wanafunzi walivyoijua.

Kutokana na mifano hii, inafaa kutofautisha kozi iliyoandikwa na kozi inayofundishwa. Ya kwanza ni mali ya chuo. Ya pili hufanywa na mwalimu pamoja na darasa lake. Mwanafunzi anayeuliza jina la mwalimu anauliza habari za kozi ya pili, nayo ndiyo atakayoisoma. Hivyo swali lake ni halali kitaaluma.

5.0 Kigezo Kinapopotosha

Uhalali wa swali hauhakikishi usahihi wa jibu. Mwanafunzi anaweza kumtafuta mwalimu kwa sababu tatu zisizofanana: anataka kufunzwa vizuri, anataka kufurahishwa, au anataka maksi.

Sababu ya tatu ina nguvu kubwa katika mazingira ya Tanzania, na si haki kuilaumu bila kuieleza. Daraja la shahada hutokana na wastani wa alama katika kipimo cha hadi 5.0, ambapo daraja la kwanza huanzia 4.4 na daraja la pili la juu huanzia 3.5. Katika vyuo vikuu vya umma, anayetaka kuajiriwa katika ngazi ya kwanza ya ualimu wa chuo kikuu hutakiwa kuwa na wastani usiopungua 3.8. Kozi moja ya hiari kwa mwalimu mwenye maksi chache inaweza kuushusha wastani kutoka 3.8 hadi 3.7, na mlango ukafungwa. Mwanafunzi anayetafuta madesa ya mwaka uliopita na kumkwepa mwalimu anayejulikana kwa kuwapa watu mitihani ya marudio anajibu mfumo ulivyomwekea hesabu.

Hata hivyo, hesabu hiyo inaweza kuwa na gharama iliyofichika. Mwaka 2010 Scott Carrell na James West walichapisha utafiti kutoka Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, ambako wanafunzi hupangiwa walimu kwa kubahatisha na hufanya mitihani ya pamoja. Waligundua kwamba walimu ambao wanafunzi wao walipata alama nzuri katika kozi ya utangulizi, na ambao walisifiwa zaidi na wanafunzi hao, kwa wastani waliwaandaa vibaya zaidi kwa kozi za juu zilizofuata. Walimu wenye uzoefu, ambao hawakusifiwa sana wakati huo, waliacha msingi imara zaidi. Sifa ya mwalimu katika korido, basi, hupima muhula mmoja, ilhali elimu hupimwa kwa mihula inayofuata.

Sababu ya pili, yaani kufurahishwa, ilijaribiwa katika jaribio maarufu lililochapishwa Marekani mwaka 1973. Mwigizaji alitambulishwa kwa hadhira ya wataalamu kama Dakta Fox na kutoa mhadhara uliojaa ucheshi na ishara za kujiamini, lakini maudhui yake yalikuwa tupu na yenye kujipinga. Hadhira ilimpa tathmini nzuri. Utafiti wa Lillian MacNell na wenzake wa mwaka 2015 uliongeza tahadhari nyingine: katika kozi iliyofundishwa kwa njia ya mtandao, wanafunzi walioamini kuwa mwalimu wao ni mwanamume walimpa alama za juu kuliko walioamini kuwa ni mwanamke, bila kujali jinsia yake halisi. Sifa za walimu zinazosafiri mdomo kwa mdomo huweza kubeba upendeleo wa aina hii bila yeyote kuutambua.

Haya yote hayabatilishi hoja ya sehemu iliyotangulia. Adam Smith, katika kitabu chake cha 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, aliona kwamba pale mwanafunzi anaponyimwa uhuru wa kumchagua au kumwacha mwalimu, bidii ya walimu hupungua. Kinachothibitika ni kwamba uhuru huo unahitaji taarifa sahihi, na sifa pekee si taarifa sahihi.

6.0 Nani wa Kumuuliza?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Methali hii inachukulia kwamba yupo wa kuulizwa. Pierre Bourdieu, katika insha yake kuhusu aina za mtaji iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1986, alieleza mtaji wa kijamii kuwa ni faida anayoipata mtu kwa kuwa ndani ya mtandao wa watu wanaofahamiana. Taarifa kuhusu walimu wa chuo kikuu ni mfano halisi wa mtaji huo. Haiuzwi wala haichapishwi, hurithiwa.

Mwanafunzi aliyekulia karibu na chuo kikuu, mwenye dada aliyehitimu miaka mitatu iliyopita na mjomba aliye mhadhiri, anaingia mwaka wa kwanza akiwa na orodha kichwani. Anajua nani hufundisha mbinu za utafiti kwa mazoezi na nani husoma kutoka katika daftari lililochakaa. Anajua pia nani amekwenda likizo ya masomo, hivyo kozi yake mwaka huu itashikwa na mwingine.

Mwanafunzi atokaye Rutamba, ambaye huenda ndiye wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo kikuu, huingia na mwongozo wa udahili na barua ya kukubaliwa. Kuna jambo jingine linalomzidishia ugumu, nalo hutokana na kalenda. Korosho, zao kuu la biashara la kusini, huanza kuuzwa minadani kuanzia Oktoba. Vyuo vikuu navyo hufungua mwaka wa masomo kati ya Oktoba na Novemba. Familia inayosubiri malipo ya korosho ili kukamilisha ada na nauli inaweza kumfikisha kijana wake chuoni baada ya wiki ya kwanza au ya pili kupita. Wiki hizo ndizo wenzake walizotumia kuhudhuria mhadhara wa kwanza wa walimu mbalimbali, kulinganisha, na kubadili usajili kabla dirisha halijafungwa. Anapofika, kozi za hiari zenye walimu wanaotafutwa zimejaa. Huchukua iliyobaki, na baadaye uchaguzi huo huhesabiwa kuwa wake.

Hapa ndipo uzito wa suala zima unapokaa. Iwapo kozi inayofundishwa ndiyo kozi halisi, na iwapo taarifa za kozi hiyo hurithiwa, basi wanafunzi wawili waliodahiliwa katika programu moja, kwa sifa zilezile na kwa ada ileile, hawasomi shahada moja. Usawa unaooneshwa na cheti hauonekani darasani.

Hasara haimpati mwanafunzi peke yake. Rutamba yenyewe ina mambo ambayo mwalimu anayefaa angeyageuza kuwa maarifa. Jina lake, kwa tahajia ya Lutamba, limo katika vibandiko vya vielelezo vya mimea vilivyokusanywa na Mjerumani H. J. Schlieben katikati ya miaka ya 1930, na Msitu wa Litipo ulio jirani na ziwa unajulikana kwa watafiti wa misitu ya pwani. Katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, Rutamba palikuwa na makazi ya wakimbizi kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mwanafunzi wa botania au wa historia kutoka huko hubeba rasilimali ambayo wenzake hawana: lugha, wazee na njia za msituni. Akimpata mwalimu anayefanya utafiti wa uwandani kama ule wa Majimaji, rasilimali hiyo huingia katika elimu. Akimkosa, hubaki nayo kama kumbukumbu za nyumbani, na pengine huanza kuionea haya.

7.0 Uchaguzi wa Msimamizi na Hali ya Elimu ya Masafa

Katika ngazi ya uzamili na uzamivu, kukosa taarifa hugharimu zaidi. Kozi mbaya huisha baada ya muhula mmoja. Msimamizi asiyefaa kwa mada huweza kumchelewesha mtahiniwa kwa miaka. Kwa anayeandika tasinifu kwa Kiswahili, kigezo cha mwalimu kina sura ya ziada, kwa kuwa msimamizi anapaswa kuimudu mada, nadharia na istilahi za Kiswahili kwa pamoja. Idadi ya wenye sifa hizo zote katika mada moja huwa ndogo, na mara nyingi hujulikana kwa kusoma kurasa za shukurani katika tasinifu zilizotangulia. Hazina huria za tasinifu zimesaidia hapa bila kukusudiwa: mtu aliyeko Lindi mwenye simu na mtandao anaweza kuona nani alimsimamia nani, katika mada ipi na mwaka gani. Kwa maana hiyo, ukurasa wa mbele wa tasinifu umekuwa silsila ya zama hizi, na iko wazi kwa kila mtu.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya 1992, kinatoa funzo la namna nyingine. Kupitia vituo vya mikoa, mwanafunzi husoma akiwa karibu na kazi na familia yake. Katika utaratibu huo sehemu kubwa ya mwalimu huwa ndani ya moduli iliyoandikwa, na nafasi ya kumchagua mtu hupungua. Wanafunzi wote hupata moduli ileile, na huo ni usawa wa kweli. Lakini kinachosawazishwa ni kozi iliyoandikwa. Uhusiano na mwalimu hurudi kuwa suala kuu pale mwanafunzi anapofikia utafiti na kuhitaji msimamizi.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, hatua nne zinapendekezwa. Kwanza, kila idara ichapishe kabla ya muhula kuanza maelezo mafupi ya kila kozi ya hiari kama itakavyofundishwa mwaka huo: jina la mwalimu, vitabu vikuu, aina ya kazi za darasani na mkabala atakaoutumia. Ukurasa mmoja kwa kozi unatosha. Pili, baadhi ya nafasi katika kozi za hiari zinazojaa haraka zihifadhiwe hadi dirisha la usajili linapofungwa, ili anayechelewa kwa sababu ya ada asipoteze haki ya kuchagua. Tatu, tathmini ya walimu inayofanywa na wanafunzi mwishoni mwa muhula iongezewe swali linaloulizwa mwaka mmoja baadaye: kozi hiyo imekusaidia nini katika masomo yaliyofuata? Nne, wahitimu wanaotoka wilaya moja wahimizwe kurudi katika shule zao za sekondari kueleza, pamoja na sifa za kujiunga, jinsi kozi zinavyochaguliwa na maswali ya kuuliza.

Hatua ya kwanza inaweza kuleta pingamizi kwamba kutaja majina kutawageuza walimu kuwa bidhaa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linasahau kwamba majina tayari yanatajwa kila siku. Kinachopendekezwa ni kuyatoa mdomoni mwa wachache na kuyaweka ubaoni kwa wote, yakiambatana na maelezo ya kazi badala ya uvumi wa maksi.

9.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kuchagua kozi kwa kumwangalia mwalimu ni desturi yenye asili katika elimu ya pwani na yenye hoja katika elimu ya chuo kikuu, kwa kuwa kozi inayofundishwa hutofautiana na kozi iliyoandikwa. Imeonesha pia kwamba kigezo hiki hupotosha pale kinapotegemea maksi na haiba, na hubagua pale taarifa zinapokuwa mali ya wenye ndugu waliotangulia. Mwanazuoni wa zamani aliulizwa maswali mawili, amesoma nini na amesoma kwa nani, na majibu yote mawili yalikuwa wazi kwa jamii yake. Chuo kikuu hulijibu swali la kwanza katika cheti na kuliacha la pili likijibiwa koridoni. Kijana wa Rutamba ana haki ya kupata majibu ya maswali yote mawili kabla hajasajili kozi, si baada ya kuhitimu.